California au Texas? Kila bei ina historia yake

Leo naweka kompyuta kando kidogo, ingawa kisa chenyewe kilianzia kwenye kompyuta.

Mwaka jana rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni hapa Nairobi alimaliza shahada ya uzamili huko Marekani, akapata kazi mbili kwa mpigo: moja San Jose, California, nyingine Austin, Texas. Alipewa siku tano za kujibu. Nyumbani, mama yake alikuwa na mkopo wa sacco aliouchukua kumlipia karo. Akaniomba nimpigie hesabu.

Nikaandika programu ndogo, na jibu likaja mara moja: Texas. Jimbo hilo halitozi kodi ya mapato, na mwaka 2019 wapiga kura waliliweka katazo hilo ndani ya katiba yao. California hutoza hadi asilimia 13.3 kwa wenye mapato makubwa zaidi. Bei ya nyumba ya kawaida ya familia California ilivuka dola 900,000 mwaka 2024, ilhali Texas ilikuwa chini ya dola 400,000.

Kabla ya kumtumia nikajiuliza: tofauti hii yote ilitoka wapi? Nikaanza kusoma historia.

Mwaka 1978 watu wa California walipiga kura kupitisha Proposition 13. Kodi ya ardhi na majengo ikawekewa kikomo cha asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Kwa hiyo mzee aliyenunua mwaka 1975 hulipa kwa hesabu za zamani, na kijana anayenunua nyumba ya pili yake leo hulipa kwa bei ya leo. Mzee hana haraka ya kuuza, na ujenzi mpya umebanwa na sheria za miji. Mzigo unamwangukia mgeni.

Texas nako si bure. Shule na kaunti huko hutegemea sana kodi ya ardhi na majengo, ambayo kwa kawaida hukata asilimia kubwa kuliko California. Mpangaji naye huilipa, imejificha ndani ya kodi ya pango.

Halafu kuna umeme. Serikali kuu ilipoanza kusimamia umeme unaovuka mipaka ya majimbo mwaka 1935, kampuni za Texas zilichagua kubaki ndani ya jimbo lao. Februari 2021 baridi kali iligandisha mitambo na mabomba ya gesi, na umeme ulioweza kuvutwa kutoka kwa majirani ulikuwa kidogo mno. Wateja zaidi ya milioni 4 walikaa gizani, na hesabu rasmi ya jimbo ilifikia vifo 246. Programu yangu haikuwa na safu ya jambo kama hilo.

Haikuwa na safu ya sheria ya kazi pia. Tangu mwaka 1872 California haitambui mkataba unaomzuia mtu kufanya kazi yake baada ya kuacha kwa mwajiri. Mwaka 1957 wataalamu wanane walimwacha William Shockley wakaanzisha Fairchild Semiconductor, na mwaka 1968 wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakaanzisha Intel. Texas haikukosa vipaji: Jack Kilby alionyesha saketi yake jumuishi pale Texas Instruments, Dallas, mwaka 1958. Lakini huko mkataba wa kukuzuia kwenda kwa mshindani unaweza kusimama mahakamani ukiwa na mipaka ya kadiri.

Nikamtumia yote, hesabu na historia. Nikamwambia, "Ndugu yangu, jedwali linakuonyesha mwezi wa kwanza tu. Soma mkataba."

Akachagua Austin, kwa sababu deni la mama halikuweza kungoja. Lakini kabla ya kusaini alikitafuta kile kifungu, akakikuta ukurasa wa saba, akaomba kifutwe. Wakakifuta.

Sacco inadai awamu tatu tu sasa. Na yeye ameshanunua jenereta.