Kifaa Kikifa, Pesa Haijafa

Watu wangu, kile kifaa cha kuhifadhi kripto hakina pesa ndani. Bitcoin zako ziko kwenye daftari la wazi la mtandao. Kifaa kinashika funguo tu, na funguo hizo zinatoka kwa yale maneno 12 au 24 uliyoandika kwenye karatasi.

Historia yake si ndefu. Programu ya Electrum, iliyoanza 2011, ilikuwa tayari inatumia maneno ya kawaida badala ya msururu wa namba. Mwaka 2013, Marek Palatinus na Pavol Rusnak, waliokuwa wakiunda Trezor kule Prague, pamoja na wenzao wawili, wakaandika kanuni inayoitwa BIP39. Orodha ina maneno 2,048, na herufi nne za kwanza zinatosha kutambua kila neno. Trezor ikaingia sokoni 2014.

Sasa maoni yangu: uamuzi mkubwa haukuwa kifaa. Wangeficha kanuni ili ubaki mteja wao milele, lakini waliiweka wazi. Ndio maana leo kifaa kikiharibika, ama kampuni ikifunga, unaingiza maneno yaleyale kwenye Electrum, unachagua BIP39, na mali yako inaonekana.

Ama inasoma sufuri, na hapo ndipo presha hupanda. Binamu yangu aliona sufuri na ilikuwa karo ya mtoto. Kumbe shida ni njia. Maneno yaleyale huzaa funguo tofauti kulingana na njia ambayo programu inapitia. Kwa kawaida anwani zinazoanza na 1 hutumia njia ya 44, za 3 hutumia 49, za bc1 hutumia 84. Tukaweka 84, salio likarudi. Na kama uliongeza neno lako la siri, bila hilo utafungua pochi nyingine tupu, na programu haitakwambia umekosea.

M-Pesa ukipoteza simu, unaenda na kitambulisho, laini inarudi. Huku hakuna wa kumwendea. Kwa hivyo usimpe mtu hayo maneno, hata yule wa Telegram anayejiita fundi wa kurejesha pesa. Na ukishayaandika kwenye kompyuta, hamisha pesa upesi kwa pochi mpya yenye maneno mapya.

Kabla hujanunua kifaa chochote, uliza swali moja: maneno yake yanasomeka kwa programu ya mtu mwingine? Kama hapana, wachana nacho.