Miezi 288 ya Mjomba

Mjomba wangu, Mungu amlaze pema, aliingia kiwandani mwaka 1966 na kutoka mwaka 1990. Kila mwezi alikatwa mshahara kwa ajili ya uzeeni. Alipostaafu alilipwa chake chote kwa mkupuo, akanunua mabati na cherehani moja, hela zikaisha. Nilikuwapo siku hiyo. Aliuliza: "Miaka ishirini na minne ndiyo hii?"

Mfuko uliokuwa ukimkata, NPF, uliundwa mwaka 1964, miaka mitatu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Haukuwa wa pensheni, ulikuwa wa akiba. Mfanyakazi alichangia, mwajiri naye akachangia, riba ikaongezwa, na mwisho mwenyewe akakabidhiwa. Hesabu hiyo ingefaa kama shilingi ingetulia. Lakini katikati ya miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na shilingi aliyoiweka mjomba mwaka 1970 ilimrudia ikiwa kivuli. Wakati huohuo mtumishi wa serikali mwenye masharti ya pensheni alilipwa mpaka kufa kwake, naye hakuwa amekatwa hata senti. Wao walianza kuchangia baada ya sheria ya mwaka 1999.

Sheria ya mwaka 1997 iliigeuza NPF kuwa NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya hiyo. Iliyobaki ni ya mwajiri. Aliyechangia miezi 180 na kufikisha miaka 60 hulipwa pensheni kila mwezi. Mjomba alikuwa na miezi 288. Alizaliwa mapema mno, basi.

Lakini tusishangilie haraka. Karatasi ya mshahara huonyesha kuwa umekatwa, haionyeshi kuwa fedha zimefika. Anayezipeleka ni mwajiri, na wapo wanaozikalia. Mimi huenda kuomba taarifa ya michango yangu kila mwaka, hata makarani wakinuna.

Na asiye na mwajiri je? Ile cherehani imebaki kwa binti wa mjomba, anashona sare za shule. NSSF humpokea aliyejiajiri kama yeye, ila mchango wote hutoka mfukoni mwake, na hakuna wa kumkata kabla hajaishika hela. Mwezi wa kodi ya nyumba, mfuko hungoja. Majuzi nilimwuliza amefikisha miezi mingapi. Akasimamisha cherehani, akahesabu kwa vidole: kumi na mmoja.