Mkimbiaji Majini

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake. Mkimbiaji anayeingia katika triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, huujua ukweli wa methali hii mapema sana. Mbio anazo tayari miguuni, na baiskeli ataizoea kwa muda si mrefu. Lakini maji hayamtambui. Mtu anayekimbia kilomita 20 alfajiri kisha akaenda kazini kama kawaida huweza kuishiwa pumzi kabisa baada ya kukata bwawa la mita 25 mara moja tu. Kwa nini iwe hivyo? Jibu moja liko katika mwili wenyewe, na nitalifikia. Lakini kwanza nataka kupitia historia, kwa sababu inamfundisha mkimbiaji jambo ambalo misuli yake haiwezi kumwambia.

Triathloni ya kisasa ilizaliwa miongoni mwa wakimbiaji. Jack Johnstone na Don Shanahan walikuwa wanachama wa klabu ya riadha ya San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani, nao walitaka kitu tofauti na mbio za kawaida. Jumatano jioni, tarehe 25 Septemba, 1974, watu 46 walikusanyika kando ya Mission Bay, ghuba yenye maji matulivu. Tangazo la mashindano lilitaja maili sita za mbio, maili tano za baiskeli, na yadi 500 za kuogelea, yaani kama mita 460 hivi. Yadi hizo zenyewe zilikatwa vipande, na kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa yadi 250. Wakimbiaji walipewa maji kidogo kidogo, kama mgonjwa anavyopewa uji. Hata hivyo giza liliwakuta baadhi yao wakiwa bado majini, ikabidi taa za magari zielekezwe ufukweni ili waione njia ya kutokea.

Miongoni mwa watu 46 wa jioni ile alikuwamo afisa wa jeshi la majini, John Collins, pamoja na mkewe Judy. Baadaye walihamia kisiwa cha Oahu, Hawaii, na huko wakakuta ubishi ambao hata vijiweni kwetu usingekosa wasemaji: nani mwenye nguvu zaidi, mkimbiaji au mwogeleaji? Collins alipendekeza ubishi huo umalizwe kwa vitendo. Aliunganisha mashindano matatu ya kisiwani: kuogelea kilomita 3.86 kwenye bahari ya Waikiki, baiskeli kilomita 180 kuzunguka kisiwa, na marathoni ya kilomita 42.195. Tarehe 18 Februari, 1978, watu 15 walianza na 12 wakamaliza. Mshindi alikuwa Gordon Haller, aliyetumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Haller hakuwa wa kwanza kutoka majini. John Dunbar, aliyemaliza wa pili siku ile, alimtangulia kutoka baharini kwa takriban dakika 20. Haller alikuja kuifuta tofauti hiyo barabarani. Maana yake ni kwamba mkimbiaji hahitaji kuwashinda watu majini. Anahitaji kutoka majini akiwa mzima, pumzi yake ikiwa shwari na miguu yake ikiwa bado ni mali yake. Hilo ndilo lengo la mazoezi yake yote, na anayelijua huacha kushindana na maji.

San Diego watu walikuwa wamekimbia kwanza, ndipo wakaogelea. Hawaii kuogelea kuliwekwa mwanzo, na utaratibu huo ndio uliotumika pia triathloni ilipoingia kwenye Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, Sydney, mwaka 2000: mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za mbio. Busara yake ni nyepesi kueleweka. Aliyechoka barabarani hukaa chini kivulini. Aliyechoka majini hana pa kukaa.

Bahari ile ya Waikiki ina historia nyingine iliyo kubwa kuliko mashindano ya Collins. Ndimo alimokulia Duke Kahanamoku, Mhawaii aliyezaliwa mwaka 1890 na kushinda mita 100 za mtindo huru katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, kisha tena Antwerp mwaka 1920. Alitumia mtindo wa kulala kifudifudi na kupokezana mikono juu ya maji, ambao leo ndio mkimbiaji hufundishwa kwanza. Watu wa visiwani walikuwa wakiutumia tangu zamani, wakati Ulaya ikiogelea kwa mtindo wa chura.

Si kwamba Ulaya haikuonyeshwa. Mwaka 1844 wenyeji wawili wa Amerika ya Kaskazini, ambao majina yao yalitafsiriwa kwa Kiingereza kuwa Flying Gull na Tobacco, waliogelea mbele ya watazamaji mjini London kwa mtindo wa namna hiyo. Kasi yao ilionekana na kila mtu. Lakini mabwana waliowatazama walichukizwa na maji yaliyorushwa, na gazeti moja liliilinganisha mikono yao na mapanga ya kinu cha upepo. Basi Waingereza wakarudi kwenye chura wao. Zaidi ya miaka 50 ilipita. Mwanzoni mwa karne ya 20, kijana wa Visiwa vya Solomon, Alick Wickham, aliwastaajabisha watu wa Sydney kwa mtindo wa kwao. Ndugu wa familia ya Cavill wa Australia waliushika mtindo huo, na mwaka 1902 mmoja wao, Dick, aliuonyesha Uingereza. Safari hii watu walikubali kujifunza.

Naona katika kisa hiki somo la mkimbiaji mzima mzima. Wale mabwana wa London hawakukosa nguvu wala macho. Walikosa utayari wa kuwa wanafunzi. Mkimbiaji naye huingia bwawani akiwa na sifa zake, nishani zake na mapafu yake makubwa, na maji yanamtaka aviache vyote kando ya bwawa pamoja na kandambili.

Mimi nilianza kujifunza nikiwa na umri wa miaka 44, jijini Dar es Salaam, na mwalimu wangu alikuwa kijana wa Mafia, rika la mwanangu wa kwanza. Kila siku aliniamkia kwa heshima, kisha akaniamuru bila huruma. Neno lake la kwanza nalikumbuka hadi leo: "Mzee, maji hayapigwi. Maji yanalaliwa."

Katika maneno hayo matano mna elimu nzima. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Nguvu inayomsukuma mkimbiaji mbele barabarani, majini humsukuma dhidi ya ukuta. Zaidi ya hayo, miguu ya mkimbiaji ni mizito kwa misuli, na vifundo vyake vimekakamaa kwa kazi ya kupokea uzito. Akiinua kichwa atafute hewa, nyonga na miguu huzama, naye hujikuta anapanda mlima. Dawa yake ni kutazama chini, kushusha kifua kidogo, na kuuacha mwili ulale kama mtumbwi. Teke liwe jepesi, kwani miguu hiyo bado ina baiskeli na mbio mbele yake.

La pili ni pumzi. Mkimbiaji hupumua apendavyo, lakini mwogeleaji hupumua kwa zamu. Wengi hubana pumzi uso ukiwa majini, na hewa chafu ikijaa kifuani hofu huanza, ijapokuwa oksijeni ipo ya kutosha. Kwa hiyo atoe pumzi polepole na mfululizo ndani ya maji, kisha ageuze uso pembeni, si juu, na kuvuta. Mwalimu wangu alinifanyisha zoezi hili nikiwa nimesimama, maji yakinifika kifuani, wiki mbili kamili kabla ya kuniruhusu kukata bwawa.

La tatu ni mpango. Heri dakika 30 mara tatu au nne kwa wiki kuliko saa mbili za siku moja, kwa kuwa kuogelea hujifunzwa na mishipa ya fahamu kabla ya misuli. Aanze na vipande vinane vya mita 25, akipumzika baada ya kila kimoja hadi pumzi itulie. Ahesabu mapigo ya mkono kila kipande, na afurahi yakipungua. Akiweza mita 400 bila kusimama, ndipo aende baharini, kamwe asiende peke yake, na ajizoeze kuinua macho kila baada ya mapigo manane au kumi kutazama aendako.

Huenda msomaji akauliza, yote haya ni kwa ajili ya mchezo tu? La hasha. Mimi ni mtu wa Mwanza. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama karibu na mji wetu, na mamia ya watu wakafa. Kuogelea kusingewaokoa wote, kwani wengi walinaswa ndani ya meli. Lakini tangu siku zile nimejiuliza imekuwaje sisi tunaokunywa, kuvua na kusafiri katika ziwa kubwa kuliko yote barani tuwe wageni ndani yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati, zilizo kama zetu.

Mbio tumezirithi, au angalau ulimwengu unatusifu hivyo, na hakuna anayeona haya kukimbia mbele za watu. Kuogelea kwa mtu mzima kunataka ujasiri wa aina nyingine: kuvaa kaptura mbele ya watoto wanaokupita kama samaki, kumeza maji, kukohoa, na kurudi kesho. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Siku hizi ninapokwenda nyumbani, wajukuu wa dada yangu huniomba niwafundishe kulala juu ya maji. Nawapeleka kwenye bwawa la mjini, nawashika mgongoni kwa kiganja kimoja, nawaambia watoe pumzi taratibu, na mmoja mmoja nauondoa mkono.