Dola Moja, Madaftari Mawili

Kwa miaka kadhaa kabla ya 2021, aliyetaka kujua Marekani imetoa msaada kiasi gani kwa Kenya au Tanzania alikuwa na pa kuuliza pawili. Tovuti ya kwanza, ForeignAssistance.gov, ilikuwa ya Wizara ya Mambo ya Nje. Ya pili, Foreign Aid Explorer, ilikuwa ya shirika la misaada, USAID. Zote mbili zilikuwa na ramani ya dunia, zote zilipambwa kwa michoro ya rangi, na zote zilikuwa rasmi. Ila ukichagua nchi ileile na mwaka uleule, hesabu zingeweza kupishana. Kupishana huko hakukuwa ushahidi wa wizi. Serikali ilikuwa moja, madaftari yalikuwa mengi, na kila mwenye daftari alihesabu kwa utaratibu wake.

Mambo haya hayakuanzia kwenye kompyuta. USAID iliundwa na Rais John F. Kennedy mnamo Novemba 1961, ikarithi kazi za ofisi mbalimbali zilizokuwa zikigawa misaada tangu enzi za Mpango wa Marshall. Bunge la Marekani, ambalo ndilo lenye mfuko, lilitaka kuambiwa kila mwaka fedha zimekwenda wapi. Jibu lilikuwa ripoti nene iliyojulikana kwa jina la Greenbook: nchi moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka kuanzia 1946, mikopo na ruzuku zikiwa zimetenganishwa. Ilichapwa kwa ajili ya wabunge na wasaidizi wao. Mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya, ambaye dawa zake zilinunuliwa kwa fedha hizohizo, hakuwa miongoni mwa wasomaji waliokusudiwa.

Ripoti hiyo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa dashibodi ya USAID, yaani tovuti ile ya ramani na michoro, na vituko vyake vikahamia humo. Hadi 1976, mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani ulianza Julai, kama unavyoanza hadi leo Nairobi na Dodoma. Kisha ukasogezwa hadi Oktoba. Miezi mitatu ya Julai, Agosti na Septemba 1976 ikabaki yatima: haikuwa ya mwaka uliokwisha wala ya mwaka uliokuwa ukianza. Anayepakua faili la takwimu za misaada hiyo leo, akashuka kwenye safu ya miaka, anakuta 1975, 1976, halafu kitu kinachoandikwa "1976tq", halafu 1977. Programu iliyoandaliwa kupokea tarakimu tupu inagoma hapohapo. Mjenzi wa dashibodi analazimika kuamua: aijumlishe miezi hiyo na 1976, mwaka huo uonekane umenona kuliko ulivyokuwa, au aichoree nguzo yake fupi na kila mtazamaji aulize ni ya nini. Uamuzi unaonekana mdogo, lakini unabadilisha mchoro.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwenye ofisi za nje. Kwa muda mrefu kila ofisi ya USAID ughaibuni ilitunza hesabu zake kwenye mfumo ulioitwa MACS, na makao makuu yalikuwa na mifumo mingine. Katikati ya miaka ya 1990 shirika liliamua kumaliza mambo kwa mkupuo mmoja. Mfumo mpya, NMS, ungeunganisha bajeti, manunuzi, uhasibu na uendeshaji wa miradi, na ungewashwa duniani kote kwa wakati mmoja. Uliwashwa Oktoba 1996. Ukawa mzito, miamala ikakwama, takwimu zikaingia na makosa, na mwaka uliofuata ofisi za nje zikarudishwa kwenye MACS, mfumo uleule uliokuwa umekwisha kuagwa. Yeyote aliyewahi kuwa ofisini siku mfumo mpya wa malipo unapoanza, na foleni ya wadai ikiwa mlangoni, anajua kilichotokea bila kusimuliwa.

Safari ya pili walikwenda kwa hatua. Mfumo wa Phoenix ulianza Washington mwishoni mwa 2000, ukapelekwa kwenye ofisi za nje kati ya 2004 na 2006. Kwa hiyo USAID ilikuwa na umri wa miaka 45 hivi ilipopata daftari moja la kuonyesha dola iliyolipwa Kampala na iliyolipwa Lima. Wanaosifu dashibodi kwa michoro yake husahau sehemu hii, nami naona ndiyo kazi yenyewe. Mchoro ulikuja baadaye, na ulikuwa rahisi.

Ulikuja Desemba 2010. Dunia ya misaada ilikuwa imeanza kusukumwa ifungue vitabu. Mwaka 2008, kwenye mkutano wa Accra, Ghana, wafadhili kadhaa walizindua mpango wa IATI, wa kutangaza takwimu za misaada kwa muundo mmoja ambao kompyuta yoyote ingeweza kuusoma. Aprili 2010 Benki ya Dunia iliondoa ada kwenye hazina yake ya takwimu, ambayo hapo awali sehemu kubwa ilikuwa ya wenye kulipia. Washington nayo ikaja na dashibodi ya misaada ya nje, ile ya ForeignAssistance.gov. Siku ya uzinduzi ilikuwa na bajeti za Wizara ya Mambo ya Nje na USAID tu, ilhali taasisi za serikali ya Marekani zilizokuwa zikipeleka fedha nje zilikuwa zaidi ya 20: Kilimo, Hazina, Ulinzi, Afya, na nyingine ambazo misaada ni kazi yao ya pembeni.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba hata neno "kutoa" halina maana moja. Chukulia mradi wa vyandarua wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 10. Mwaka wa kwanza bajeti inautaja. Mwaka wa pili mkataba unasainiwa na fedha zinafungwa ndani yake. Malipo yanatoka kidogo kidogo hadi mwaka wa sita. Ofisa wa bajeti atasema Marekani ilitoa fedha hizo mwaka wa kwanza, wa mikataba atasema wa pili, na mhasibu atazigawa kwa miaka yote. Wote watatu wanasema kweli. Ongeza mpango wa UKIMWI wa PEPFAR, ulioanzishwa 2003, ambamo fedha zilikuwa zikipitia Wizara ya Mambo ya Nje kabla ya kufika USAID au CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa. Wakiripoti wote bila kuangaliana, dola moja inahesabiwa mara mbili.

Mnamo Septemba 2012 ofisi ya bajeti ya Ikulu ya Marekani iliagiza taasisi zote ziwasilishe takwimu kila robo mwaka kwenye Wizara ya Mambo ya Nje. Agizo lilikuwa zuri, isipokuwa taasisi hizohizo tayari zilikuwa zikiipa USAID takwimu za kila mwaka, kwa ajili ya Bunge na kwa ajili ya OECD, jumuiya ya nchi tajiri kule Paris. Watu walewale wakajaza fomu mbili, kwa tafsiri mbili, na kila fomu ikazaa tovuti yake.

Aliyeng'ara katika vurugu hizo alikuwa mdogo wao. Shirika jingine la misaada la Marekani, MCC, lililoanzishwa 2004, ndilo lililosaini na Tanzania mkataba wa dola milioni 698 Februari 2008, Rais George W. Bush alipokuwa Dar es Salaam. Mwaka 2013 MCC iliongoza duniani kwenye orodha ya uwazi inayotolewa na taasisi ya Publish What You Fund. Haikuwa na siri yoyote: nchi chache, mikataba ya miaka mitano, hesabu za namna moja tangu siku ya kwanza. Haikuwa na mizigo ya miaka ya 1960 ya kufungua.

Kabla Washington haijaanza kubishana kuhusu safu za jedwali, Uganda ilikuwa na uzoefu wa aina nyingine. Uchunguzi uliofanywa 1996 katika shule za msingi 250 ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 ni wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya serikali kuu isiyo ya mishahara iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zinazopelekwa wilayani, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea mahali pa wazi. Kufikia 2001 zilizofika zilikuwa zaidi ya asilimia 80. Wachumi wamebishana sana ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na magazeti na kiasi gani na mageuzi mengine ya wakati huo, yakiwemo ya elimu bila ada ya 1997. Lakini karatasi ile ilisomwa na mzazi aliyemjua mwalimu mkuu kwa jina, na dashibodi ya Marekani haijawahi kupata msomaji wa namna hiyo.

Sheria ya uwazi wa misaada ilipitishwa Washington Julai 2016, na mwaka 2021 tovuti mbili hatimaye zikaunganishwa kuwa moja chini ya jina la ForeignAssistance.gov.

Kisha ikaja 2025. Januari misaada ilisimamishwa, Februari mosi tovuti ya USAID ikazimwa, na Julai mosi kazi zilizosalia zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Katikati ya hayo, swali la kila ofisi kuanzia Kisumu hadi Bukavu lilikuwa moja: mradi wetu umekufa au uko hai? Jibu halikutoka kwenye ramani ya rangi. Lilitoka kwenye jedwali la kurasa 281 lililopelekwa kwa wabunge mwezi Machi, likavuja hadi kwa waandishi wa habari: mikataba 5,341 imefutwa, 898 imebaki. Watafiti wakakesha wakilisoma mstari kwa mstari, wakijaribu kubaini kila mkataba ulikuwa wa kazi gani na wa nchi ipi.