Protini za kloroplasti na sumu ya shaba

Mutoshi, mgodi ulio karibu na Kolwezi uliojulikana zamani kama Ruwe, umo katika ukanda wa shaba wa Lualaba na Haut-Katanga. Juu ya vilima vya shaba vya ukanda huu, kilo moja ya udongo huweza kuwa na zaidi ya miligramu 1,000 za madini hayo. Miti hukosekana, nyasi na maua madogo hutawala.

Kwa mimea, shaba si adui mtupu. Ndani ya kloroplasti, protini iitwayo plastosianini hubeba atomu moja ya shaba na kwa atomu hiyo husafirisha elektroni. Bila yake usanisinuru husimama. Shaba inapozidi, hung'oa magnesi kwenye klorofili, huharibu mfumonuru wa pili na kuzalisha oksijeni kali. Jani huwa la manjano, na mishipa yake hubaki ya kijani.

Ulinzi nao ni wa protini. Dismutasi ya shaba na zinki huzima oksijeni hiyo, na protini D1 ya mfumonuru huo iliyoharibika hukatwa na kuundwa upya. Katika Arabidopsis thaliana, mmea unaopendwa na maabara, shaba ikizidi, pampu ya PAA2, inayoiingiza kwenye thilakoidi (vifuko vilivyo ndani ya kloroplasti), huvunjwavunjwa: mlango unang'olewa!

Haumaniastrum katangense, mmea jamaa wa mrehani, hustawi kwenye udongo huo wa vilima vya shaba. Watafuta madini waliufuata, na wanaakiolojia pia, kwani huota penye tanuri za kale za kuyeyushia shaba.