Simu ya asiyeona ikinyamaza ghafla: Msaada unaanzia wapi?

Kwa mtu asiyeona, simu janja bila sauti ni kipande cha kioo tu. Programu inayoitwa kisoma skrini ndiyo humsomea kila kitu: ujumbe, jina la anayepiga, salio la M-Pesa. Sauti hiyo ikikata, hata namba ya kuomba msaada hawezi kuitafuta.

Shida haiishii hapo. Mafundi wengi na wahudumu wa wateja wamezoea kuelekeza kwa macho: "bonyeza hicho cha kijani hapo chini." Mwishowe asiyeona anamkabidhi simu yeyote aliye karibu, na wakati mwingine namba ya siri juu yake.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Mara nyingi simu haijaharibika. Kwenye Android, shikilia vitufe viwili vya kuongeza na kupunguza sauti kwa pamoja, kama sekunde tatu hivi. Hii huwasha au kuzima TalkBack, kisoma skrini cha Google, ili mradi njia hiyo ya mkato imeruhusiwa kwenye mipangilio ya Ufikivu. Ndiyo hiyo hiyo inayowatisha wanaoona pale simu inapoanza "kuongea yenyewe" baada ya mtoto kuichezea. Si virusi.

Kwenye iPhone, VoiceOver imo ndani tangu iPhone 3GS ya mwaka 2009. Kugonga kioo mara mbili kwa vidole vitatu huinyamazisha, na wengi hufanya hivyo bila kujua. Gonga tena vivyo hivyo, sauti inarudi.

Kwenye kompyuta za Windows, wengi hutumia NVDA kwa sababu ni ya bure, tofauti na JAWS ambayo hulipiwa. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Ikinyamaza, bonyeza Insert na S, rudia mpaka isikike. Ikigoma kabisa, Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja huwasha Narrator, kisoma skrini kinachokuja na Windows yenyewe. Angalau unapata sauti ya kutafutia tatizo.

Malalamiko mengine ya kila siku: simu inasoma Kiswahili kwa lafudhi ya Kizungu mpaka hueleweki umeandikiwa nini. Hapo kisoma skrini ni kizima, ila sauti iliyochaguliwa ni ya Kiingereza. eSpeak NG, sauti inayokuja ndani ya NVDA, ina Kiswahili. Inasikika kama roboti, lakini inatamka maneno yetu.

Ukiombwa msaada, elekeza hivi

Sahau rangi na "pale juu kulia." Asiyeona husogea kitu kimoja baada ya kingine, kwa hiyo taja majina: "telezesha kidole kulia mpaka usikie Mipangilio, kisha gusa mara mbili." Kwenye kompyuta taja vitufe vya kibodi, siyo kipanya. Mwache amalize kusikiliza kabla ya kumpa hatua inayofuata, na usimzimie sauti eti inakupigia kelele.

Kwa mafundi: simu ikishaflashiwa, mwenyewe anaweza kuanza upya bila kusubiri mtu wa kumsomea. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kuwasha simu, vile vitufe viwili vya sauti huwasha TalkBack kwenye Android nyingi. iPhone ni kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu.

Msaada wa mbali

Tangu toleo la 2025.1, NVDA ina uwezo wa kuunganisha kompyuta mbili kupitia intaneti. Anayesaidia husikia kile kile ambacho kompyuta yenye shida inasema na kuiendesha kwa kibodi yake. Maana yake mtaalamu asiyeona anaweza kumtengenezea mwenzake aliye mkoa mwingine, bila jicho lolote kuhusika.

Be My Eyes, iliyozinduliwa mwaka 2015 na Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, humuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea kwa video. Tangu 2018 mtumiaji anaweza kufikia pia huduma za msaada za Microsoft na Google humo humo. Ni bure, ila video inakula bando.

Namba ya siri

Hapa ndipo hasara hutokea. Menyu kama ile ya *150*00# hukatika usipojibu haraka, na kisoma skrini bado kiko katikati ya orodha, hivyo wengi huamua kumpa mtu simu awafanyie muamala. Tumia spika za masikioni wakati wa kuandika namba ya siri. Kwenye iPhone, kugonga mara tatu kwa vidole vitatu huzima kioo huku VoiceOver ikiendelea kusoma, hivyo wa pembeni haoni kitu. TalkBack nayo ina chaguo la kuficha skrini kwenye menyu yake. Na kama tayari kuna mtu uliyemtajia namba hiyo, hata kwa nia njema, ibadilishe leo.