Helikopta za panga zinazopishana: kutoka Berlin hadi Connecticut

Injini ya helikopta inapozungusha panga upande mmoja, kiwiliwili cha chombo hutaka kuzunguka upande wa pili. Wahandisi wengi walilizuia hilo kwa rafadha ndogo ya mkiani. Mjerumani Anton Flettner hakuridhika, kwa kuwa rafadha hiyo hula nguvu ya injini bila kunyanyua hata kilo moja.

Katika kiwanda chake jijini Berlin, Flettner alisimamisha milingoti miwili iliyokaribiana, kila mmoja ukiinamia nje, akaifunga rafadha mbili zinazozunguka kinyume. Gia huziunganisha, hivyo panga la upande huu hupita pale ambapo la upande ule limeshaondoka. Helikopta yake Fl 265 iliruka mwaka 1939, ikafuatiwa na Fl 282 Kolibri mwaka 1941. Jeshi la majini la Ujerumani liliijaribu baharini, na kampuni ya BMW ikaagizwa kuunda 1,000. Mabomu yakaharibu kiwanda. Zilizokamilika ni 24 tu.

Wazo hilo lilipata uhai mpya Marekani. Desemba 1945, Charles Kaman, kijana wa miaka 26, alianzisha kampuni jimboni Connecticut kwa mtaji wa dola 2,000. Aliweka vibawa vidogo kwenye panga zenyewe. Vibawa hivyo huzipinda panga, na rubani hatumii nguvu nyingi mkononi. Mwaka 1951, K-225 yake ikawa helikopta ya kwanza duniani kuruka kwa injini ya tabo.

Kisha ikaja HH-43 Huskie, helikopta ya uokoaji na zimamoto. Ndege ilipoanguka na kuwaka, Huskie ilielea karibu, upepo wa panga zake ukasukuma moto kando na kuwafungulia waokoaji njia. Katika vita vya Vietnam, helikopta hiyo iliokoa watu wengi mno.

Kilele kilikuwa K-MAX, iliyoruka mwaka 1991. Ina uzito wa takribani tani 2.3, lakini hunyanyua tani 2.7. Hutulia sana inapoelea, na rubani wake mmoja huuona mzigo kupitia madirisha yaliyotokeza nje.

Aina hii ina kasoro zake. K-MAX haizidi sana kilomita 185 kwa saa. Panga hushuka chini ubavuni, kwa hiyo kuisogelea kutoka pembeni ni hatari. Zaidi ya hayo, rubani hugeuza pua kwa kutofautisha pembe za panga za rafadha mbili. Injini ikizima na panga zikazungushwa na upepo unaotoka chini, athari hiyo hugeuka kinyume. Ndiyo maana wabunifu waliongeza usukani mkiani.

Mwaka 2023 kampuni ya Kaman ilitangaza kuacha kuunda K-MAX. Hata hivyo, kwa kazi ya kunyanyua na kushusha mizigo mahali pagumu, hoja ya Flettner imethibitika: nguvu yote ya injini ielekezwe kwenye kubeba.